Tushuhudie yale Mungu anayotuonyesha shambani, barabarani na mbele ya mlango

MamaMibuni (mleta uzi):

Bwana asifiwe, wakuu.

Kanisani tumezoea shuhuda kubwa. Mtu kapona, mtu kapata kazi Dubai, mtu kajaliwa mtoto baada ya miaka mingi, nasi tunapiga vigelegele, na ni haki yetu. Ila katikati ya ushuhuda mmoja na mwingine kuna miezi na miaka ya kuamka, kulima, kupika, kulala. Imani ya miezi hiyo inakula nini? Ndiyo sababu nimeshusha uzi huu. Naomba kila mmoja aeleze kitu alichokiona kwenye kazi yake au mbele ya mlango wake, kikamtia moyo kuendelea na Bwana. Siulizi habari za kwenda Murchison kupiga picha na maporomoko. Wengi wetu hata kiingilio cha mbuga hatuna, na Mungu hakutufungia neema yake nyuma ya geti.

Naanza mimi. Nalima kahawa, robusta, upande wa Mukono hapa Uganda, shamba aliloacha mama mkwe. Nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili ndicho ninachoombea mpaka leo.

Asiyelima kahawa hudhani maua huletwa na mvua. Mvua inamalizia tu. Mbuni hutoa vichwa vya maua mapema, vidogo sana, vimebanana kwenye vifundo vya tawi pale majani yanapoanzia, kisha vinasimama. Unaweza kuvitazama wiki baada ya wiki, havisogei. Vinangoja kiangazi. Kuanzia Desemba hadi Februari jua linapiga, majani yanalegea, na mgeni akipita atasema shamba hili limekwisha. Kumbe ule ukavu ndio unaovitoa vile vichwa usingizini vikawa tayari kuitikia maji. Inyeshe mvua moja ya maana, na baada ya wiki moja hivi unaamka shamba lote jeupe, tawi kwa tawi, harufu imefika mpaka jikoni, nyuki wamechachamaa. Siku mbili tatu, maua yamekwisha, yako chini. Halafu unangoja karibu mwaka mzima buni ziive. Na kule ambako mvua hainyamazi, mibuni huchanua ovyo ovyo, kidogo leo, kidogo mwezi ujao, mvunaji akahangaika.

Kuna kiangazi mume wangu aliumwa sana, watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nilikuwa napalilia kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Nikavuta tawi moja chini, nikaviona vile vichwa: vya kijani, na juu vina utomvu unaonata ukivigusa kwa ukucha. Nilikuwa navijua tangu nimeolewa, lakini siku hiyo nilisimama hapo na jembe langu. Vilikuwa hai. Mvua ilikuwa bado mbali na hakuna mtu aliyekuwa akivitazama. Nikasema, Bwana, kama hivi unavitunza, basi na nyumba yangu unaiona. Mume wangu hakupona siku hiyo wala wiki hiyo. Nilichopata ni nguvu ya kumaliza ule mstari na kurudi kumpikia uji.

La pili, fupi. Ua la robusta halijitoshelezi. Chavua yake lenyewe hailizalishi, wala chavua ya mche uliokatwa kwenye mti uleule. Lazima itoke kwenye mbuni wa aina nyingine, iletwe na upepo au nyuki. Ndiyo maana maafisa ugani wanatuambia tuchanganye aina. Unaweza kujaza shamba miche mizuri ya aina moja, ikachanua ikakupendeza, ukaja kuvuna haba. Tangu nijue hilo, nikimsikia mtu anasema "mimi na Mungu wangu tu, kanisa la nini", huwa namwalika shambani kwanza kabla sijamfungulia Waebrania 10:25.

Karibuni. Nitakuwa narudi jioni.

DerevaWaMalaba:

Nimesoma nikiwa kwenye foleni ya mzani. Sina shamba, nina usukani wa lori, Mombasa mpaka Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Mwaka 2020 wakati wa korona tulilala barabarani tukingoja majibu ya vipimo, foleni ya malori imerudi nyuma kilomita nyingi upande wa Kenya. Watu walituogopa, ikawa hata chai kuuziwa ni shida. Usiku nikawa napanda kulala juu ya turubai la mzigo.

Miaka yote nikiwa safarini usiku naangalia taa za gari la mbele. Nyota sikuwa nimezitazama tangu utoto. Zaburi 147 inasema Mungu huihesabu idadi ya nyota na huzipa zote majina, na mstari unaoutangulia unasema huwaponya waliopondeka moyo. Niliisoma kwenye simu palepale juu. Mistari hiyo imekaa pamoja, mmoja wa nyota, mmoja wa watu waliopondeka, na mimi nilikuwa katikati, nyota juu yangu na wenzangu waliokata tamaa chini kwenye matairi. Nikashuka. Tukaanza kuomba kila jioni, Mkenya, Mganda, Mkongo, Mtanzania, kila mtu kwa lugha yake. Wengine hadi leo tunapigiana simu, na tukikutana Malaba lazima tuombe kabla ya kuachana.

Mlokole_wa_Zamani:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mtu mzima, niliokoka kijana katika mikutano ya Balokole, watu wa uamsho, enzi ambazo ushuhuda ulikuwa wa dhambi na msalaba. Wazee wetu, akina Simeoni Nsibambi na wenzake wa miaka ya 1930, hawakuuwasha moto huu kwa maua. Binti yangu, sikukatazi, ila nina wasiwasi nao niuseme. Wewe uko Mukono, unaijua Ssezibwa. Watu wanakwenda pale kwenye maporomoko na sadaka zao kuomba kwa mizimu, na baadhi yao Jumapili wamekaa nasi kanisani. Kijana akisoma hapa kwamba Mungu anasema naye kwenye mti na kwenye maji, utamzuiaje asiende huko?

MamaMibuni:

Mzee wangu, asante kwa kuuliza waziwazi, maana wengine wangeninong'onea kisha wakanisema.

Anayekwenda Ssezibwa kwa mizimu anayapa maji sadaka ili maji yampe kitu. Mimi mbuni siupi kitu ila samadi, wala siuombi kitu. Namshukuru aliyeuumba. Warumi 1 inatushika pande zote mbili: mstari wa 20 unasema mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa kazi zake, na mstari wa 25 unawakemea waliokiabudu kiumbe badala ya Muumba. Ni sura moja, ukurasa mmoja. Kijana afundishwe yote miwili. Tukimpa wa 25 peke yake, tunakuwa tumemwambia kwamba kila kilicho nje ya kuta za kanisa ni mali ya mizimu. Na yeye anaishi huko nje siku sita za wiki. Hapo ndipo tunapompoteza, mzee, naona kwa macho yangu.

Na habari ya msalaba uko sahihi kabisa. Mbuni haujawahi kuniambia kwamba nimesamehewa. Hilo nililisikia kwa watu wa rika lako waliosimama wakatubu hadharani mbele yetu watoto. Shamba nalisoma nikiwa tayari najua jina la Baba.

Mlokole_wa_Zamani:

Hapo umenijibu, binti. Amina. Endelea, nasi tunasoma.

MkatolikiMasaka:

Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza langu. Mimi huwa nakwenda Namugongo kwa miguu kabla ya tarehe 3 Juni. Mei huku kwetu ni mvua, njia ni tope, viatu vinazama, nguo hazikauki. Katika njia ile unakutana na mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, wengine wameanza kutembea majuma kabla yako, wanaimba. Unapofika na miguu imevimba ndipo unaelewa kidogo. Wale vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walioteketezwa pale mwaka 1886, Wakatoliki kwa Waanglikana pamoja, nao walipelekwa kwa miguu, wamefungwa, na Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Walipita kwenye nchi hiihii, kijani hiki, vilima hivi. Nikifikiri hilo njiani siwezi kulalamika kuhusu tope.

Njia ile imenifundisha kitu kingine pia. Katika kijiji kimojawapo watu wasiotujua walitutolea maji ya kunywa na viazi vya kuchemsha, wakatuomba tuwataje tukifika. Tuliwataja.

MwanaWaElgon:

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Natoka Bududa, kwenye miteremko ya mlima Elgon. Machi 2010 mlima uliporomoka pale Nametsi ukafukia mamia ya watu. Na haikuwa mara ya mwisho pande zetu, maporomoko yamerudi tena na tena.

Dada, mvua uliyoisifu hapo juu, iliyofungua maua yako, ni mvua ileile iliyotuua sisi. Siandiki kuharibu uzi. Naamini, naenda kanisani, naimba kwaya. Lakini mtu akiniambia uumbaji unahubiri upendo wa Mungu, namuuliza: siku ile ulihubiri nini? Na tafadhali asiniambie mtu kwamba kilikuwa kiangazi kabla ya maua. Walio chini ya ule udongo hawakuchanua.

MamaMibuni:

Kaka, pole. Nimesoma ujumbe wako nikaiweka simu chini, nikarudi kuusoma tena.

Sitakuambia hivyo. Kahawa yangu haina jibu la Nametsi na sitailazimisha iwe nalo. Ninachoweza ni kukuonyesha kwamba hata Maandiko hayalazimishi. Eliya aliposimama mlimani ukapita upepo wa kupasua milima, kisha tetemeko, kisha moto, na 1 Wafalme 19 inarudia kila mara kwamba Bwana hakuwamo. Na Bwana Yesu alipotaja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, katika Luka 13, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu. Kwa hiyo anayesema watu wa Bududa waliadhibiwa anabishana na Yesu mwenyewe.

Zaidi ya hapo nanyamaza. Wewe ndiwe uliyekuwepo. Kama una moyo wa kutuambia, ni nini kilichokufanya uendelee na kwaya?

MwanaWaElgon:

Nashukuru kwa kunyamaza, dada. Wengi hawawezi.

Kilichonirudisha si mlima. Ni mama mmoja wa kijiji cha upande wa pili. Alikuja na mbegu za maharage kwenye fundo la kitenge, hata jina langu hakuwa analijua, akasema msimu haungoji, panda. Nilipanda nikiwa na hasira. Yakaota. Nilipoyaona yamepasua udongo nililia, na sijui mpaka leo kama nililia kwa furaha au kwa uchungu, lakini nilikuwa nimeanza kuongea na Mungu tena.

Sasa nieleze tunachofanya, maana huku kwetu imani haiishii kwenye kutazama. Mteremko mkali uliofyekwa miti yote hauna cha kuushika. Maji yanaingia, udongo unalewa, unateleza juu ya mwamba. Kanisa letu linapanda miti kwenye mashamba, na mvua ikinyesha siku mfululizo vijana wa kwaya wanapanda kukagua. Tunatafuta ufa ardhini, mlango ambao jana ulifunga vizuri na leo umekwama, chemchemi iliyotokea mahali ambapo haikuwepo. Wakiona ufa, watu wanahama usiku uleule, na wenye nyumba salama wanafungua milango. Ibada yetu ya msimu wa mvua iko hivyo. Tunaomba tukiwa tumevaa mabuti.

Siwezi kusema naupenda mlima kama zamani. Nimeujua.

DerevaWaMalaba:

Kaka wa Elgon, nimesimamisha gari kando kusoma hiyo. Ubarikiwe. Hapo kwenye mbegu za maharage sina la kuongeza.

Mwalimu_Rukungiri:

Salaam katika jina la Bwana. Nafundisha shule ya msingi, na uzi huu nitawasomea walimu wenzangu.

Mimi nataka kuongelea korongo taji, yule ndege wa kwenye bendera yetu. Watoto wangu wanamchora vizuri sana, taji la dhahabu, shavu jeupe, kidevu chekundu. Nikauliza darasani nani amemwona akiwa hai. Mikono michache. Nilipokuwa mtoto huku Kigezi asubuhi tulikuwa tunawasikia kabla ya jogoo. Tangu mwaka 2012 wameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu tunaijua, wala si fumbo: wanataga kwenye majani marefu ya ardhi oevu, na mabonde yetu yamekaushwa tangu zamani za ukoloni ili tupate viazi na malisho. Wengine mayai na vifaranga wanachukuliwa.

Niliwapeleka watoto kwenye bonde moja lililobaki. Tulikaa kimya muda mrefu kwa watoto wa umri ule. Wakaja wawili, dume na jike, wakaanza kuinama na kuruka, mmoja anaruka, mwenzake anajibu, mabawa yamefunguka. Jioni wakapanda mtini kulala. Makorongo wa mabara mengine hulala chini au majini, hawa wetu wana kidole cha nyuma kirefu kinachowawezesha kushika tawi. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, Mungu aliwapa kidole hicho ili wasiliwe usiku?" Nikamwambia tufungue Mathayo 6 tukirudi, pale Yesu anaposema tuwaangalie ndege wa angani.

Sasa hoja yangu, na naisema kwa uchungu. Yesu alisema waangalieni. Tukikausha bonde la mwisho, hawa watoto watatii vipi? Nimeshawahi kusikia mahubiri mengi ya Mathayo 6, na sijasikia hata moja lililogusa kinamasi. Wachungaji na mapadre mlio humu, mna waumini wanaomiliki mashamba kandokando ya mabonde hayo. Semeni nao. Wawaachie ndege ukanda wa majani, hata kama ni mwembamba, na wasilishe ng'ombe pale wakati wa kutaga.

MkatolikiMasaka:

Mwalimu, hili nalipeleka kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Kwenye mkutano tunazungumzia michango ya harusi kila wiki, tutapata nafasi ya ndege.

Mgeni_Luweero:

Habari zenu wapendwa. Mama Mibuni, nina swali ambalo ni nusu la imani na nusu la kilimo, usinichoke. Baba yetu alikuwa na kahawa nyingi, ikaisha yote kwa mnyauko. Alipofariki tuliliacha shamba likawa kichaka. Sasa nimerudi nyumbani kutoka Kampala, kazi imekwisha, nina mke na watoto. Nikitazama ile mibuni mikavu iliyosimama bado naona kama aibu ya baba yangu. Nipande tena kahawa au niache? Na naomba mniombee.

MamaMibuni:

Karibu sana ndugu yangu, hujanichosha hata kidogo, na tunakuombea kuanzia leo. Na kwanza: hiyo si aibu ya baba yako. Ule ugonjwa ulipoingia Uganda mwaka 1993 ulifagia wazee wetu wote bila kuchagua mvivu na hodari. Ni kuvu linaloziba njia za maji ndani ya mti, majani yananyauka na kuanguka, na dawa ya kuutibu mti ulioshikwa hakuna. Karibu nusu ya robusta yote ya nchi iliondoka hivyo.

Lakini sikiliza kilichotokea baadaye, maana hiki kimenisaidia mimi mara nyingi. Katikati ya mashamba yaliyokufa kulikuwa na mbuni mmoja hapa, mwingine kule, umesimama na majani yake. Watafiti wa kahawa wa pale Kituza, si mbali na kwangu, waliifuata hiyo iliyobaki, wakaijaribu kwa ugonjwa wenyewe, iliyostahimili wakaizalisha kwa vipande vya shina, kwa sababu mbegu ingechanganyika na kuipoteza ile nguvu. Miche tunayopanda leo, ile inayoitwa KR, imetoka kwenye mabaki hayo. Paulo akiwaandikia Warumi, sura ya 11, anawakumbusha habari ya Eliya aliyedhani amebaki peke yake, kisha anasema hata sasa yako mabaki waliochaguliwa kwa neema. Nikipita katikati ya KR zangu sura hiyo huwa naisema kwa sauti.

Kwa hiyo ushauri wangu ni upande, ila si kesho. Ile mikavu ing'oe na mizizi yake, ichome palepale iliposimama, usiiburute kupita shambani, na usiipeleke kuwa kuni wala kuwapa majirani. Panga uliyotumia lipitishe kwenye moto. Ardhi hiyo iache ipumzike, panda maharage kwanza. Wakati huo nenda ofisi ya kilimo ya wilaya uulize kitalu kilichoidhinishwa, na wakikupa aina moja tu kataa, omba mchanganyiko, sababu nimeieleza juu. Mashimo ni futi 2 kwa futi 2, kutoka shimo hadi shimo futi 10. Udongo wa juu uweke upande wake, uuchanganye na samadi kabla ya kuurudisha. Migomba ya kivuli panda mapema, mche mchanga hauwezi jua la Luweero peke yake.

Mwite mkeo na watoto siku ya kuchoma ile ya mzee. Mwombeeni, mshukuruni Mungu kwa ajili yake, alisomesha watu kwa shamba lile. Halafu niandikie ukishapata kitalu, nina jirani anayekuja huko kila mwezi na pikapu, anaweza kukubebea miche.